Wokovu, Ukombozi na Fidia: Maneno Matatu Katika Njia ya Tabora

1. Swali lenyewe

Kati ya maneno yanayowasumbua wafasiri wa maandiko ya dini, na hata wafasiri wa historia na wa nyaraka za serikali, yamo mawili ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja: wokovu na ukombozi. Katika vitabu vya mafundisho ya Kikristo, Yesu Kristo huitwa Mwokozi, na mistari michache mbele huitwa Mkombozi, wala msomaji haelezwi kwa nini amepewa majina mawili. Nje ya kanisa mambo ni hayo hayo. Mwalimu wa historia husema kwamba wamisionari "waliwaokoa" watumwa wa Tabora. Mwenzake wa darasa jingine husema "waliwakomboa". Wa tatu husema "waliwanunua". Wote watatu wanazungumzia tendo lile lile, lakini hawasemi jambo moja.

Makala hii inakusudia kueleza tofauti hiyo. Hoja yetu ni kwamba wokovu hutaja hali ya mtu aliyetoka hatarini, na ukombozi hutaja tendo la kumrudisha mtu mahali pake kwa gharama. Mfasiri anayeyachanganya maneno haya humnyima msomaji nusu ya maana ya imani ya Kikristo. Aidha, humficha mjukuu wa mtumwa swali ambalo ana haki ya kuliuliza: Je, babu yangu alirudishiwa uhuru, au alibadilishiwa bwana tu?

2. Umbo la maneno

Neno wokovu linatokana na kitenzi okoa. Limeundwa kwa namna tuliyoizoea katika utulivu (tulia), usikivu (sikia) na upotevu (potea). Maneno ya kundi hili hayataji tendo linavyotendeka, bali hali inayomkaa mtu. Kwa hiyo wokovu, kwa umbo lake, ni hali ya kuwa salama baada ya hatari. Si ajabu kwamba katika mahubiri wokovu na upotevu hutajwa pamoja: ni maneno ya ukoo mmoja yanayotazamana.

Tendo la kuokoa lina jina jingine, uokoaji. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na hakuna anayeliita Jeshi la Zimamoto na Wokovu. Lipo pia Jeshi la Wokovu, madhehebu ya Kikristo yaliyoanza kazi zake nchini mwaka 1933, tena hapo hapo Tabora, na hakuna anayeliita Jeshi la Uokoaji. Vivyo hivyo, mwokoaji aweza kuwa mtu yeyote mwenye kazi hiyo. Mwokozi, katika lugha ya kanisa, ni mmoja. Watumiaji wa lugha walikwisha kuyapanga mambo haya bila ya kungoja kamati.

Tuangalie pia jirani ya okoa, yaani opoa. Chombo kikizama ziwani, walio hai huokolewa, na miili ya waliokufa huopolewa. Kuokoa kwadai uhai. Ndiyo maana neno hili liliufaa upesi ujumbe wa dini inayozungumzia uzima.

Kitenzi komboa kinatoka upande mwingine wa maisha. Mtu aliyeweka shamba rehani hulikomboa kwa kulipa deni. Mateka hukombolewa na jamaa zake. Gomboa, linalokaribiana nalo kwa sauti na kwa maana, limekaa bandarini: mizigo hugombolewa kwa kulipa ushuru, na wapo mawakala wa ugomboaji. Katika mifano yote hii yapo mambo matatu. Kwanza, yupo mwenyewe wa asili. Pili, kipo kizuizi. Tatu, yapo malipo yanayotolewa ili kilichozuiliwa kirudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo komboa linapoachana na nunua. Anayenunua hupata kitu ambacho hakikuwa chake. Anayekomboa hurudishiwa, au humrudishia mwenziwe, kilichokuwa chake tangu mwanzo.

3. Kuokoa, kukomboa na kununua katika njia ya misafara

Tabora ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu hapo maneno haya yalikuwa habari za kila siku. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia hiyo, na ni kosa kudhani kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa; wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini walipita pia mateka, waume kwa wake na watoto, waliotoka Manyema na nchi nyingine za magharibi, na wengine wao walibakizwa Unyanyembe kulima na kutumika majumbani.

Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, ni shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Walifika Tabora mwaka 1878 wakiwa njiani kwenda kwenye maziwa makuu. Katika miaka ya 1880 walikuwa na kituo Kipalapala, karibu na Tabora, ambako waliwalea watoto waliowatoa utumwani kwa kulipa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wakifanya vivyo hivyo Bagamoyo tangu kituo chao kilipoanza mwaka 1868. Fedha ya njia hiyo ilikuwa hasa bidhaa: merikani, kaniki na shanga.

Tulinganishe na Unguja. Vijana wengi waliolelewa huko na misheni ya Kianglikana ya UMCA hawakulipiwa kitu. Manowari za Kiingereza ziliyakamata majahazi baharini na kuwatoa waliomo. Askofu Edward Steere, ambaye tafsiri zake za Biblia ziliweka msingi wa Kiswahili cha kanisa katika Unguja, alifanya kazi yake akiishi pamoja na vijana wa namna hiyo. Tukisema Kiswahili sahihi, vijana wale wa Unguja waliokolewa. Watoto wa Kipalapala walikombolewa.

Tofauti hii ni kubwa. Manowari haikumlipa mwenye jahazi. Padre aliyetoa nguo Tabora alimlipa mwenye mtumwa, na mwenye mtumwa akaenda zake na faida, pengine akatafute mwingine. Kwa macho ya mpita njia, kukomboa na kununua vilifanana kabisa: mtoto yule yule, nguo zile zile, soko lile lile. Kilichoweza kuvitofautisha ni yaliyofuata baadaye, na hapo historia haitoi jibu moja. Wengi wa watoto hao hawakuweza kurudi kwao. Kwao kulikuwa mbali, au kulikuwa kumeteketezwa. Walikaa chini ya misheni, wakalishwa, wakafundishwa, wakapangiwa kazi, na mara nyingi hata ndoa zao zilipangwa. Walikuwa wamekombolewa kutoka kwa bwana. Je, walikuwa wamerudishwa kwa nani?

Upo mfano mmoja unaotufundisha. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa utotoni, akakombolewa na shirika hilo hilo huko Afrika ya Kaskazini, akasomeshwa uganga kisiwani Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, penye Ziwa Tanganyika, kusini-magharibi ya Tabora. Hapo alifanya kazi ya utabibu na ya ukatekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Maisha ya zaidi ya miaka 60 ya utumishi hayaelezeki kwa neno nunua. Wala hayaelezeki vyema kwa neno okoa peke yake, kwa maana okoa halitaji bei, na bei ilikuwapo. Lakini Mto Niger nao ulibaki nyuma. Neno komboa linatulazimisha kuyakumbuka yote mawili.

Serikali nayo ililitumia wazo hili. Wajerumani hawakuufuta utumwa mara moja. Amri ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa kulipa, na amri ya mwaka 1904 ilitangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hivyo basi, kujikomboa lilikuwa jambo la boma na hati kabla halijawa neno la majukwaa.

4. Fidia, na swali la aliyelipwa

Waandishi wa Biblia walitoka katika dunia iliyoyajua mambo kama hayo. Mlango wa 25 wa Mambo ya Walawi waeleza wajibu wa jamaa wa karibu, ambaye Waebrania walimwita goel: kukomboa shamba la ukoo lililouzwa, au ndugu aliyejiuza kwa ajili ya umaskini. Sheria hiyo inaongeza kwamba mtu akipata mali aweza kujikomboa mwenyewe. Mkazi wa Tabora wa mwaka 1901 angaliielewa bila ya kufafanuliwa.

Katika Agano Jipya lipo neno la Kigiriki lutron, yaani bei ya kumtoa mtumwa au mateka. Katika Marko 10:45, Biblia ya Union ya mwaka 1952 imetumia neno fidia. Neno hili la Kiarabu lilikuwa tayari vinywani mwa Waislamu wa pwani na wa bara: asiyeweza kufunga Ramadhani kwa uzee au ugonjwa usiopona hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Leo watumishi wa serikali hulitumia kwa maana nyingine. Ipo fidia ya ardhi iliyotwaliwa, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hapa ni malipo kwa mtu aliyepata hasara au kuumia. Mwanafunzi aliyezoea fidia ya ofisini akilikuta neno hilo katika Marko aweza kudhani kwamba kuna mtu aliyepata hasara, naye Kristo akamlipa. Mwalimu hana budi kueleza: fidia ya ofisini hutolewa kwa sababu mtu ameumia, fidia ya Marko hutolewa ili mtu atoke.

Swali gumu zaidi ni hili: Kama fidia ilitolewa, ni nani aliyeipokea? Mtu ambaye babu yake aliona nguo zikihesabiwa mbele ya tembe ataliuliza mapema kuliko mwanachuoni. Wanachuoni nao wameliuliza. Origen, katika karne ya 3, aliwaza kwamba bei ililipwa kwa Ibilisi. Gregory wa Nazianzus, katika karne ya 4, alilikataa wazo hilo: mnyang'anyi hastahili kulipwa, wala Mungu Baba hakuwa amewafunga watu hata apewe bei ya kuwafungua. Anselm, mwishoni mwa karne ya 11, aliueleza wokovu kwa mfano wa deni la heshima iliyovunjwa.

Kwa upande wa lugha, jibu linaanzia katika matumizi ya Biblia yenyewe. Kitabu cha Kutoka husema kwamba Mungu aliwakomboa Waisraeli kutoka Misri, na Farao hakupokea hata senti. Kwa hiyo gharama iliyomo katika komboa ni ile inayomgusa mkombozi. Si lazima iwe faida ya aliyefunga. Mfano wa sokoni husaidia mpaka hapo, kisha hukoma. Tena, kwa imani ya Kikristo, binadamu alikuwa wa Mungu tangu kuumbwa. Ndiyo sababu komboa linafaa: aliyepotea anarudishwa kwa mwenyewe wa asili.

Hata hivyo mfasiri asilisafishe Andiko kupita kiasi. Katika 1 Wakorintho 6:20 Paulo anatumia kitenzi cha sokoni hasa, kununua, na aliyenunuliwa ana bwana mpya. Lakini katika Wagalatia mlango wa 4 Paulo huyo huyo anafunga pamoja kukombolewa na kufanywa mwana: aliyekuwa mtumwa sasa ni mtoto wa nyumba, tena mrithi. Hicho ndicho kipimo ambacho imani yenyewe inatoa. Kwa kipimo hicho mjukuu wa Kipalapala aweza kuuliza swali lake bila ya kuonekana mkaidi: palipokuwa na malipo tu, palikuwa na ununuzi, palipokuwa na uwana na urithi, palikuwa na ukombozi.

5. Ponya, okoka na suala la njeo

Kitenzi cha Kigiriki sozo kina maana ya kuokoa na pia ya kuponya. Wafasiri wa Union walichagua kufuatana na mahali. Katika Luka 7:50, mwanamke aliyesamehewa dhambi anaambiwa kwamba imani yake "imekuokoa"; katika Luka 8:48, mwanamke aliyetokwa na damu anaambiwa kwamba "imekuponya". Kigiriki ni kitenzi kimoja katika umbo moja. Uamuzi huo una sababu, lakini una hasara pia: msomaji wa Kiswahili haoni kwamba kwa mwandishi yule afya ya mwili na usalama wa roho vilikuwa katika neno moja. Bahati njema, pona la Kiswahili lina upana wake: mgonjwa hupona maradhi, na msafiri hupona ajali. Mwalimu aweza kuitumia njia hiyo kueleza.

Neno okoka limepata historia ya pekee. Uamsho uliotokea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba, ulileta jina walokole, kutoka katika Kiganda, yaani waliookoka. Tangu hapo "nimeokoka" imekuwa kauli ya ushuhuda kwa baadhi ya Wakristo, na kwa wengine ni kauli inayotia shaka. Sehemu ya ubishi huu ni ya sarufi. Okoka, kama vunjika na funguka, hutaja hali bila ya kumtaja mtendaji. Okolewa humwachia nafasi. Anayesema "nimeokolewa" anaweza kuulizwa "na nani?", na jibu ndilo kiini cha imani yake.

Nayo njeo ya -me- hutaja jambo lililotimia ambalo hali yake ingali ipo. Lakini Paulo hutumia nyakati tatu: wameokolewa (Waefeso 2:8), wanaookolewa (1 Wakorintho 1:18), wataokolewa (Warumi 5:9). Wanaosisitiza siku ya kuongoka hushika ya kwanza. Wanaosema kwamba wokovu ni safari hushika mbili zinazofuata. Mfasiri asipendelee upande. Azitunze njeo zote tatu kama zilivyo.

6. Ukombozi wa nchi

Katika karne ya 20 ukombozi lilitoka kanisani likaingia katika siasa. Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, ikafanya ule uamuzi ulioitwa wa busara, wa kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, yenye makao yake Dar es Salaam, nayo ilifanya kazi mpaka mwaka 1994. Na tangu Gustavo Gutiérrez wa Peru alipotoa kitabu chake mwaka 1971, wanachuoni wetu huzungumzia teolojia ya ukombozi.

Lugha kadhaa za Ulaya zina maneno mawili hapa, moja la Mkombozi wa kanisani na jingine la wapigania uhuru. Kiswahili kina moja. Wengine huona ni upungufu. Kwa maoni yangu ni mali, iwapo gharama haisahauliwi. Kiswahili kinamkumbusha Mkristo kwamba utumwa wa kweli, wa minyororo, ndio uliompa mfano wa imani yake. Na kinamkumbusha mwanasiasa kwamba ukombozi usiomrudishia mtu nafasi yake nyumbani ni kubadilishana mabwana.

7. Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, wafasiri na walimu wanashauriwa kufuata mambo haya:

(a) Wokovu litumike kwa hali ya kuokoka katika maana ya dini. Uokoaji litumike kwa kazi ya kuwatoa watu hatarini.

(b) Ukombozi litumike panapokuwa na kifungo, gharama, na kurudishwa. Yakikosekana yote matatu, litafutwe neno jingine.

(c) Fidia likitumika kwa maana ya Biblia, lielezwe mara ya kwanza, ili lisichanganywe na fidia ya sheria za kazi na za ardhi.

(d) Okoka na okolewa zisibadilishwe ovyo, na njeo za matini ya asili zitunzwe.

(e) Katika maandishi ya historia ya njia ya misafara, tendo litajwe jinsi lilivyotendeka: waliotolewa kwa nguvu ya manowari waliokolewa, waliotolewa kwa malipo walikombolewa kwa malipo, na malipo yatajwe, waliolipa wenyewe walijikomboa.

Huenda pendekezo la mwisho likaonekana dogo. Lakini Kwihara, Ujiji na Bagamoyo hutembelewa na wageni na wanafunzi, na maelezo wanayosomewa hapo hutafsiriwa na watu kama sisi. Miongoni mwa wasikilizaji wamo wajukuu wa wenye misafara, wa wapagazi, na wa waliofungwa. Wanastahili kitenzi sahihi.